Sinema Isiyoficha Mkono Wake: Kutoka Vugiri Hadi Ngamiani

Miongoni mwa filamu za mwanzo kabisa kusemeshwa Kiswahili zimo zile zilizotengenezwa Vugiri, kwenye milima ya Usambara juu ya Korogwe, kati ya mwaka 1935 na 1937. Hazikutoka Dar es Salaam, wala Unguja, wala Mombasa. Zilitoka mlimani, penye baridi na ukungu, mahali ambapo mtu wa Tanga mjini hufika kwa kwenda Korogwe kwanza kisha kupanda. Zilikuwa filamu 35, nyingi zikiwa fupi, na zilibeba mambo ya siku zile: kodi, safura, malaria ya watoto wachanga, ngozi za ng'ombe, kahawa, akiba ya Posta. Mradi uliozizaa ulijiita jaribio. Wakuu wake walitaka kupima kama watu wa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini wangeweza kufundishwa kwa sinema.

Wakuu hao walikuwa na imani moja iliyotangulia jaribio lenyewe. Waliona kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kutenganisha kweli na uongo kwenye picha, na kwamba yeye hupokea anachoonyeshwa kama kilivyo. Lakini sinema yao ilitengenezwa mbele ya macho ya Waafrika wale wale, kwa mikono yao, kwa sura zao na kwa sauti zao. Kila ilipowashwa ilijieleza yenyewe. Historia ya jaribio la Vugiri, kwa jinsi ninavyoisoma, ni historia ya filamu zilizoshindwa kuficha mkono uliozitengeneza, na kushindwa huko ndiko kunakozipa thamani leo.

Mahali pengine duniani walikuwapo waliokusudia hasa kuuonyesha mkono huo. Mwaka 1929, katika Muungano wa Kisovyeti, Dziga Vertov alitoa filamu ambayo hadi leo huhesabiwa miongoni mwa filamu kubwa za majaribio. Haina hadithi wala waigizaji. Inaanza ndani ya jumba la sinema: viti vinajifungua vyenyewe, watazamaji wanaingia, mtambo unawashwa. Kisha anaonekana mpigapicha, Mikhail Kaufman, nduguye Vertov, akiwa na kamera yake barabarani, viwandani na juu ya madaraja, picha zikiwa zimekusanywa Moscow, Kyiv na Odesa. Katikati ya mbio farasi anaganda. Picha imesimama, na tunapelekwa mezani kwa Elizaveta Svilova, mke wa Vertov, anayekata na kuunga vipande. Mwendo wote tuliokuwa tukiutazama sasa ni utepe wa vipicha vidogo mkononi mwake. Vertov aliamini kwamba mtu anayejua picha inavyofanywa hadanganyiki nayo kwa urahisi.

Mwaka huo huo wa 1929 mwanabiolojia wa Uingereza, Julian Huxley, alikuwa akizunguka Afrika Mashariki kwa kazi ya kamati ya elimu ya Wizara ya Makoloni. Alibeba filamu chache za mafunzo, akazionyesha kwa watu wa sehemu mbalimbali ili ajue kama wangezielewa. Walizielewa, tena vizuri kuliko wengi huko London walivyotarajia. Huxley aliyaandika hayo, na mwaka 1931 yalikuwa yameshachapishwa katika kitabu chake, Africa View. Kwa hiyo kamera ilipofika Vugiri miaka minne baadaye, jibu la swali lililodaiwa kuwa halijajibiwa lilikuwa tayari limo kitabuni. Jambo hili linafaa kukumbukwa na kila anayesoma maandishi ya wakoloni kuhusu akili ya Mwafrika.

Kilichoipandisha sinema Usambara kilianza na mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62. Kutokana na miche hiyo, Tanga, Muheza, Pangani na Korogwe zilijaa mistari ya mikonge isiyokwisha. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka huo huo ilifika Korogwe mwaka 1902, ikawa inashusha singa bandarini na kupandisha watu mashambani. Watu hao waliitwa manamba. Walitoka Songea, Kigoma, Ruanda-Urundi na kwingineko, wakapangwa kambini, wakakata majani ya mkonge na kuyapeleka korona, mashine ya kuyachambua yawe singa. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, na mshahara ulitoka siku hizo zikijazwa zote.

Mshahara ukishatoka, mji wa kwendea ulikuwa Tanga, na kwa Mwafrika Tanga ilikuwa Ngamiani. Iko ng'ambo ya reli, mbali na nyumba za Wazungu zilizokuwa zikitazama bahari, mitaa yake imepimwa kwa mistari iliyonyooka na kupewa namba, barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu na kuendelea. Humo Mdigo, Mbondei, Msegeju na Mzigua walipanga vyumba jirani na Mmanyema na Mngoni. Vikundi vya ngoma ya beni, Marini na Arinoti, vilishindana kwa sare, kwa vyeo na kwa nyimbo za kutupiana vijembe. Wacheza beni walivaa kama maofisa wa Kizungu, wakatembea kama wao, na kila mtazamaji alijua ofisa huyu ni nani akishavua koti. Ninaitaja beni kwa sababu inaonyesha kwamba watu wa pwani hii walikuwa na mazoea ya muda mrefu ya kutazama mchezo huku wakimjua mchezaji. Hawakuhitaji mtu kutoka ng'ambo awaeleze kwamba kinachoigizwa kimetungwa.

Mwenye shamba alikuwa na hofu yake: kwamba kibarua ataondoka. Meja L. A. Notcutt aliijua hofu hiyo. Mwaka 1926 alikuwa akisimamia kundi la mashamba Afrika Mashariki na kutafuta njia za kuwafanya wafanyakazi waridhike na wakae. Hapo ndipo alipoifikiria sinema. Tukumbuke basi kwamba wazo hili lilizaliwa kambini kwa vibarua kabla ya kuvikwa joho la elimu.

Joho lilitoka kwingine. Mwaka 1933 kilichapishwa kitabu cha uchunguzi ulioongozwa na J. Merle Davis, Mmarekani wa Baraza la Kimataifa la Misioni, kuhusu migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na jinsi ilivyokuwa ikiwatoa watu vijijini. Davis aliona pengo likipanuka kati ya wazee waliobaki na vijana waliokwenda migodini, akadhani sinema inaweza kuwasaidia wote wawili waielewe dunia mpya. Shirika la Carnegie la New York likatoa fedha, na kampuni za migodi zikachangia. Lord Lugard, aliyekuwa mtawala mashuhuri wa kikoloni, akawekwa kuongoza baraza la ushauri huko London. Notcutt akawa mkuu wa kazi za uwanjani, na upande wa elimu ukashikwa na G. C. Latham, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini. Makao yakawa Vugiri.

Mlima ulifaa kwa sababu ya kazi yenyewe. Filamu ikishapigwa lazima isafishwe kwa dawa katika chumba cha giza, na dawa hizo hazipatani na joto. Maji yakiwa ya moto kupita kiasi, utando unaobeba picha hulainika na kuharibika. Kusafishia pwani kungekuwa taabu. Kupeleka filamu Ulaya na kungoja irudi kwa meli kungekula muda na fedha. Kwa hiyo kazi nzima ilifanyika juu kule: kupiga, kusafisha, kukata, kuunga, kurekodi sauti. Walitumia filamu ya milimita 16, nyembamba na ya bei nafuu kuliko ile ya majumba makubwa ya sinema.

Na kazi hiyo nzima haikufanywa na Wazungu wachache peke yao. Notcutt na Latham wenyewe waliandika baadaye kwamba vijana wa Kiafrika wanaweza kufundishwa sehemu kubwa ya kazi za kila siku za chumba cha giza na za kurekodia sauti, na hata baadhi ya kazi zinazohitaji ujuzi zaidi. Tuitafakari kauli hiyo. Kijana aliyesimama gizani Vugiri akiuona uso wa mtu ukijitokeza polepole kwenye utepe uliolowa dawa alikuwa amekwisha kupata somo ambalo Vertov aliwaonyesha watu kwa kumpiga picha Svilova akiwa mezani. Alijua filamu ni vipande. Alijua kipande kinaweza kutolewa, kingine kikawekwa mahali pake, na hadithi ikageuka. Aliporudi nyumbani Korogwe au aliposhuka Tanga mwisho wa mwezi, ujuzi huo alikuwa nao kichwani. Ni shida kuamini kwamba alikaa nao kimya.

Waigizaji nao walikuwa Waafrika wasio na mafunzo ya uigizaji. Filamu ya akiba ya Posta, kwa mfano, ina vibarua wawili waliopokea mshahara. Mmoja anaufukia mshahara wake ndani ya nyumba na mwizi anauchukua. Wa pili anakwenda kuuweka Posta, na wake unabaki salama. Filamu nyingine ilihusu kodi na matumizi yake. Nyingine, iliyoitwa Gumu, ilimfuata kijana wa shamba aliyekwenda kuharibikia mjini, hadithi ambayo sinema ya kikoloni haikuchoka kuirudia kwa miaka ishirini iliyofuata. Ilikuwapo pia filamu ya sungura na chui iliyotolewa katika ngano. Huko nadhani ndiko ambako jaribio lilikaribia zaidi kitu ambacho watazamaji wangekiita chao, kwa sababu ngano huja na msimulizi wake, na hakuna mtoto wa pwani anayedhani sungura wa hadithi husema kweli.

Sauti ndiyo iliyoifichua sinema ya Vugiri kuliko kitu kingine. Filamu zenyewe zilikuwa bubu. Maneno na muziki vilirekodiwa kando, kwenye sahani za santuri, na usiku wa maonyesho sahani ilizungushwa sambamba na projekta. Mwenye mtambo alipaswa kuanza vyote viwili kwa pamoja na kuvilinda visiachane. Mashine ya namna hiyo haisamehe. Sindano ikiruka mfereji mmoja, sauti hutangulia picha. Filamu ikikatika na kuungwa upya, picha hutangulia sauti, na mtu aliyefunga mdomo husikika akihutubia. Hata pale mambo yalipokwenda sawa, maneno hayakutoka vinywani mwa waliokuwa kwenye kitambaa cheupe. Yalitoka kwenye kipaza sauti pembeni, na watu waliokaa chini waliiona spika kama walivyoiona picha.

Tena kulikuwa na suala la lugha. Kiswahili cha sahani kilitosha Tanga, Korogwe na pwani nzima, na miaka hiyo kilikuwa kikipanuliwa bara na shule, na gazeti la Mambo Leo, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Lakini lori la sinema lilipofika mbali na pwani, Kiswahili peke yake hakikutosha. Ndipo zikarekodiwa sahani katika lugha nyingine za Afrika Mashariki na Kati, na mahali ambapo sahani haikufaa, mtu wa pale alishika maikrofoni akaeleza. Mtu huyo ndiye ninayempa heshima kubwa kuliko wote katika historia hii. Alisimama kati ya picha na watu wake, akichagua la kusema na la kuacha. Wakuu wa mradi waliihitaji sauti yake, na kwa kuihitaji wakakubali, hata bila kutamka, kwamba filamu yao haijakamilika mpaka mtu wa mahali hapo aimalizie.

Lori hilo lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini kwa miezi kadhaa. Lilibeba projekta, jenereta, sahani, kitambaa na hema, likaonyesha filamu usiku mahali pa wazi mbele ya umati wa watu. Mtu aliyekwenda kutazama aliyaona yote. Aliona kitambaa kikivutwa kwa kamba mchana, akasikia jenereta ikivuma nyuma yake, akaona wadudu wakicheza ndani ya mwanga unaotoka kwenye lori. Katika majumba ya sinema ya Ulaya mtambo hufichwa kwenye chumba kidogo nyuma ya ukuta ili mtazamaji ausahau. Viwanjani kwetu haukuweza kufichwa, na sehemu ya utamu wa usiku ule ilikuwa kuutazama.

Hapa ndipo tunapokutana na hadithi iliyosimuliwa na maofisa wa makoloni mengi: kwamba watu wa kijiji fulani walionyeshwa filamu ya malaria, mbu akijaa kitambaa kizima, nao wakasema kwao hakuna mbu wakubwa kiasi hicho. Maofisa waliitumia hadithi hii kama ushahidi wa ujinga, na kila aliyeirudia aliihamishia kijiji kingine. Hata tukikubali kwamba maneno hayo yalitamkwa mahali, sioni ujinga ndani yake. Mtu anayesema mbu huyu si wa kwetu ameshaona kwamba picha imekuzwa. Ameigusa kazi ya kamera. Anamwambia mgeni kwamba umbo aliloliona limefanywa na mtu, na huenda alikuwa akimtania mgeni huyo, kwa kuwa utani na mkubwa asiyejua kwamba anataniwa ni desturi ya zamani.

Jaribio lilifungwa mwaka 1937. Fedha za Carnegie zilikuwa za muda, na serikali za makoloni hazikuwa tayari kubeba gharama baada yake. Wapo pia waliolalamika kwamba filamu zenyewe zilikuwa hafifu, na kwa kweli milimita 16 na sahani za santuri hazikuweza kushindana na kazi za Hollywood. Mwaka huo huo Notcutt na Latham walitoa kitabu chao, The African and the Cinema. Ni kitabu cha ajabu. Kinaeleza kwa uaminifu kamera, dawa, mashine, safari, gharama na makosa, yaani kinaonyesha utengenezaji wote ambao filamu zenyewe hazikuuonyesha. Lakini kinaueleza kwa wasomaji wa Uingereza. Wale waliocheza, waliosafisha, waliosema na waliotafsiri wanapita ndani yake kama wasaidizi tu.

Mwaka 1939, vita vilipoanza, Uingereza iliunda Kitengo cha Filamu za Makoloni chini ya William Sellers, aliyekuwa ofisa wa afya nchini Nigeria. Sellers aliweka kanuni: picha zikae muda mrefu, kamera isitembeetembee, kusiwe na vipande vya haraka wala ujanja wowote, kwa sababu Mwafrika hatafuata. Majibu ya Huxley ya mwaka 1929 yalikuwa yamesahauliwa, na vijana wa Vugiri hakuna aliyewauliza. Kwa zaidi ya miaka kumi watu waliotengenezewa filamu za polepole namna hiyo walikuwa wanaweza, wakipata nafasi, kuzikata na kuziunga wenyewe.

Wakati huo Ngamiani ilikuwa na shule yake nyingine. Mjini Tanga yalikuwapo majumba ya Majestic, Regal na Novelty, na jioni watu wa Ngamiani walikwenda kutazama filamu za Kihindi, za Kimisri na za Kimarekani. Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, ilishika pwani yote ya Waswahili. Hakuna aliyewatafsiria Kihindi, na hakuna aliyewapunguzia kasi. Filamu ilikwenda kwa mwendo wake, nyimbo zikakatiza hadithi, mwigizaji akaota ndoto iliyojengwa kwa mawingu ya moshi na ngazi za kubuni, na watazamaji waliifuata yote, wakatoka wakiimba, wakabishana njiani kuhusu nani kaigiza vema na nani kashindwa. Kumpima mwigizaji ni kujua kwamba anaigiza. Mabishano hayo ya kurudi Ngamiani usiku yalizikanusha kanuni za Sellers kwa ufasaha kuliko ripoti yoyote.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika ilirudi kwenye filamu za hadithi, safari hii kwa kushirikiana na kampuni ya Afrika Kusini. Katika Muhogo Mchungu, mhusika mkuu, mtu wa shamba anayehangaishwa na mji, alichezwa na Rashidi Mfaume Kawawa. Mwaka 1955 Kawawa akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Manamba na wapakizi wa bandarini waliomsikiliza akizungumzia mishahara, na ambao waliwahi kumwona kwenye kitambaa akipotea mjini, walikuwa na watu wawili mbele yao: yule aliyeandikiwa na serikali ya kikoloni, na yule aliyesimama akisema mwenyewe.

Msimulizi aliyeshika maikrofoni hakufa na lori. Video zilipoenea, walitokea watu waliosimama pembeni ya televisheni kwenye mabanda na kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, wakimpa kila mhusika sauti yake na kuongeza maneno yao. Dar es Salaam ilimpata Derek Mukandala, anayejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, ambaye usimulizi wake ulirekodiwa juu ya filamu na kuuzwa. Uganda walifika mbali zaidi. Mwaka 2010, Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? kwa fedha kidogo sana, bunduki zikiwa za kuchongwa na helikopta ikiwa ya kompyuta. Juu ya filamu hiyo sauti ya msimulizi, VJ Emmie, haimwachi mtazamaji asahau hata dakika moja kwamba anatazama filamu: anawasifu waigizaji, anaitangaza studio, anatabiri mapigano yanayokuja. Wapenzi wa sinema wa Ulaya na Marekani waliipokea kama kitu kipya kabisa. Kwa aliyejua lori la Vugiri na mfasiri wake, ni ukoo mmoja unaoendelea.

Katika zile filamu 35, tatu zinajulikana kuwa zimehifadhiwa na Taasisi ya Filamu ya Uingereza, zote za mwaka 1936. Moja ni ya safura, inayoonyesha jinsi mnyoo unavyompata mtu na choo kinavyoukatia njia. Ya pili ni ya mafunzo ya wasaidizi wa mifugo Mpwapwa. Ya tatu ni ya wakulima wa Kingolwira, karibu na Morogoro. Ukizitazama, utaona watu wanaotembea kwa kuelekezwa, wanaogeuka kidogo kuelekea kamera, wanaorudia tendo kwa sababu mtu asiyeonekana amewaambia warudie. Macho ya mtu anayeitazama kamera kwa nukta moja kisha kukumbuka kwamba hakutakiwa kuitazama yanasema habari nyingi za mwaka 1936 kuliko maelezo yote yanayoandamana na picha. Kwangu mimi, katika nukta hizo filamu hizi zinasimama bega kwa bega na kazi ya Vertov, ingawa aliyezipiga hakukusudia.

Watu hao wana wajukuu. Wengine wako Korogwe na Vugiri, wengine Ngamiani kwenye barabara zile zile zenye namba. Tanga ina makumbusho yake ya Urithi ndani ya Boma la zamani la Wajerumani, na ina vyuo, shule na vikundi vya vijana wanaotengeneza filamu kwa simu zao. Nawaomba wote hao waungane kuzidai nakala za filamu hizi tatu kutoka London na kuzionyesha Ngamiani hadharani, bure, kwa kitambaa na kipaza sauti, pamoja na msimulizi wa Kiswahili anayeweza kuzisimamisha na kuuliza. Wazee wa Vugiri na Korogwe waalikwe na wakae mbele. Kila sura itakayotambuliwa, kila mlima, kila nyumba, kila jina la aliyeigiza, aliyesafisha filamu au aliyeshika maikrofoni, liandikwe siku hiyo hiyo na lihifadhiwe Tanga.